Lamu kwa kufuata maji: tulivyoifaidi bila ndege wala boti ya kukodi

Karibu kila niliyemuuliza kabla ya safari alinipa ushauri ule ule: panda ndege hadi kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, lala kijiji cha Shela, kodi boti ya injini siku nzima, na mji wenyewe uupitie saa mbili tu kununua zawadi. Ni ushauri mbaya. Sisi tulikwenda familia nzima na watoto, tukalala mjini, tukala vya kushiba, pwani tukaenda kila siku, na gharama haikufika nusu ya tuliyotajiwa.

Basi kutoka Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la upande wa bara. Safari hiyo inamaliza karibu mchana kutwa, lakini barabara ya Garsen kwenda huko siku hizi ni lami. Pale Mokowe kuna boti za abiria, sisi tulilipa shilingi mia na kitu kwa kila mtu, na mara mko gatini Lamu.

Sasa Shela. Kutoka mjini ni kama kilomita tatu tu, njia yote kandokando ya bahari. Vijana wa boti watakwambia haiendeki kwa miguu, na maji yakijaa wana haki, kwa maana karibu na Shela bahari hupiga hadi kwenye kuta za nyumba. Kabla ya kulipa chochote, nilimwendea mzee aliyekuwa akishona nyavu.

"Subalkheri, mzee."

"Akheri, mwanangu."

"Maji yanapwa saa ngapi leo?"

Hata hakuinua uso. "Leo bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Tokeni saa tatu, mtafika miguu mikavu. Kurudi msirudi kwa miguu, saa kumi bahari imejaa."

Ikawa vile vile. Tulikwenda asubuhi juu ya mchanga mgumu, watoto wakikimbiza kaa, na jioni tukarudi na boti ya kuchangia pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakienda makwao. Tangu hapo ratiba yetu yote niliipanga kwa maji. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele karibu saa nzima. Ukifika mwezi ukiwa nusu utakuta kinyume chake: asubuhi bahari imejaa, basi asubuhi hiyo ni ya madukani, na pwani uende alasiri. Jambo hili ni la bure, na nilishangaa kwamba hakuna hata mmoja wa washauri wangu aliyelitaja.

Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi. Msiogelee pale mwanzoni mkabala na Manda, kwa sababu mkondo una nguvu. Zungukeni kona kwanza. Na vile vilima vya mchanga naomba viheshimiwe. Maji ya mvua hupenya humo na kuhifadhiwa chini, na maji matamu ya mji wa Lamu hutoka huko.

Chakula nacho kina njia yake. Nyumba nyingi za wageni mjini zina mpishi, au jirani anayepika kwa malipo kidogo. Nilikuwa nikienda sokoni, karibu na ngome, mapema kabla jua halijawa kali, nachagua kolekole au changu ambaye jicho lake bado linang'aa, kisha namkabidhi mama wa nyumba. Usiku tunaletewa samaki wa kupaka, nazi imekolea na bado ananukia mkaa, pamoja na mkate wa mofa. Bei ilikuwa ya samaki, nazi na ahsante ya mpishi. Asubuhi mahamri na mbaazi; mchana juisi ya ukwaju.

Kwa ununuzi, agizeni siku ya kwanza. Masonara wa Lamu hutengeneza pete za fedha zilizotiwa vigae vya kauri ya kale, na ukikaa, ukapimwa kidole na kuchagua kigae chako, unapata kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mkono wako wewe. Bei pia hulegea ukiwa hukimbilii boti. Mikoba ya matanga chakavu ya majahazi ni imara sana. Wangu naubebea vitabu hadi leo. Kofia za kushona kwa mkono msizikatie bei ovyo, moja humchukua mshonaji miezi. Ijumaa adhuhuri maduka hufungwa kwa sala, na mjini mvae nguo za kusitiri. Za kuogelea mwisho wake ufukweni.

Tiketi ya basi la kurudi ikateni siku moja kabla, na mwulize boti ya kwanza ya Mokowe huondoka saa ngapi. Mabasi huondoka mapema, na hayamsubiri mtu aliyeko ng'ambo ya maji.