Mwaka mmoja, na swali la Mama mkubwa

Jumanne podikasti imetimiza mwaka. Mnakumbuka kipindi cha kwanza nilikirekodi Nyerere Day ya 2024 kwa sababu kazini tulifunga. Mwaka huu wa 2025 Microsoft nao wakaichagua tarehe hiyohiyo, 14 Oktoba, kuacha kuihudumia Windows 10. Mada ikawa imejileta yenyewe.

Nilijiandaa wiki mbili. Laptopu nyingi za mtumba tunazotumia hapa Tanga hazikubali Windows 11: ama hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama prosesa yake ni ya zamani mno kwa masharti yao. Mwenye nayo ataambiwa anunue nyingine. Nilitaka kumuwahi kabla hajatoa hela, nimwambie mashine yako haijafa, tafuta flashi moja, weka Linux Mint au Debian, mifumo ya bure inayokaa mahali pa Windows, jipe saa moja ya subira. Na wale wenye mashine kongwe kabisa za biti 32 nilitaka wajue kwamba Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chao, kwa hiyo wasihangaike nayo, wabaki na Debian 12.

Nyumba ilikuwa bado imejaa wageni (Ijumaa tumemwozesha Mwanaidi), basi nikajifungia stoo na sufuria za shughuli. Nikazifunika kanga mbili zisirudishe sauti, maikrofoni nikaisimamisha ndani ya kinu. Nimefika kwenye habari ya flashi, mlango ukafunguliwa. Mama mkubwa, anatafuta sinia.

"Unaongea na nani humu?"

"Na watu, Mama mkubwa."

Akatazama huku, akatazama kule. "Wako wapi?"

"Watasikia baadaye."

"Haya, mwanangu."

Akachukua sinia lake akatoka. Mlango akaurudishia polepole sana, kama unavyourudishia mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Tangu hapo sijatulia. Nikiwa kwenye bajaji nalisikia lile "wako wapi". Nikiwa kazini najaza fomu, nalisikia. Nimeshalitungia majibu kumi. Ningemwambia kipindi cha 23 kimepakuliwa mara 38. Ningemwambia yuko kijana Muheza aliyeniandikia mwezi wa tano. Kila jibu nikilipima linakuwa jepesi, kwa sababu hata mimi, ninapozungumza mle ndani, simwoni mtu.

Alhamisi usiku nikakaa kukihariri. Sauti yake imo yote, na mlio wa sinia likigusa sufuria. Nikairudia mara sita, saba. "Haya, mwanangu." Hamna kejeli ndani yake hata chembe, na hapo ndipo panapouma: alinionea huruma.

Katika kurudiarudia huko nikakumbuka bahasha.

Ilikuwa 2008, niko sekondari. Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, Linux nyingine ya bure, walikuwa wanamtumia CD yake mtu yeyote duniani anayeiomba, bila malipo, na waliendelea hivyo mpaka 2011. Niliomba kwenye kafe ya intaneti, nikaandika S.L.P. ya shule, nikasahau. Wiki kadhaa baadaye nikaitwa ofisini mbele ya walimu wote nikakabidhiwa bahasha yenye jina langu. Ubuntu 8.04. Sikuwa na kompyuta ya kuiwekea. Nililala nayo chini ya mto. Aliyeifunga bahasha ile hanijui mpaka leo, na sikumwandikia hata asante.

Halafu wale wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Kuna mtu alikaa akatafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe na kila menyu. Miaka mingi baadaye nilipoifungua mara ya kwanza na kuikuta inanisemesha lugha ya nyumbani, nilimwita Mama aje aone. Sasa mtu angewaingilia ofisini mwao siku hizo akawauliza, mnamtafsiria nani, wako wapi, wangemwonyesha nani? Mimi nilikuwa Ngamiani nacheza gololi barabarani.

Nilikuwa mmoja wao, Mama mkubwa. Nilikuwepo.

Ila jibu hili nimelipata yeye keshapanda basi la Pangani, na kwa simu hasikii vizuri. Nitamwambia akija Idi. Sauti yake sikuikata; iko dakika ya 19, atakayesikiliza aisikie.

Nimekirusha kipindi jana alfajiri. Mwanaidi ndiye aliyekuwa akinisikilizia kwanza kila kipindi, kabla sijakitoa, huku anasuka nywele. Hajapiga simu tangu Jumapili. Mama anasema bi harusi haulizwiulizwi mapema hivi, nimwache. Nimemtumia salamu tu, maneno mawili. Mpaka saa hizi ni tiki moja.