Siku Lilizolala

Jumapili iliyopita mwanangu wa mwisho alijikwaa kwenye ile pistoni inayozuia mlango wa duka. Aliiinua kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaniuliza ilikuwa ya nini. Nikamwambia ilitoka kwenye gari la babu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo mtu mzima asingeliuliza: "Mlipoitoa, gari lilipona?" Sikumpa jibu la maana. Usiku huo nilikosa usingizi, kwa sababu nyuma ya duka Canter yetu ina wiki ya sita bila kutoka, na mume wangu anasubiri neno langu, tuitengeneze au tuiuze, maana daftari la gari ninalo mimi, kama nilivyokuwa nalo wakati wa gari la Baba.

Gari la Baba lilikuwa Fuso la injini ya 6D16, silinda sita, lililoandikwa "Subira" kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele. Alilinunua mwaka 1998 likiwa tayari limetumika, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2006 lilikuwa limefikisha kilomita 812,000. Lilishusha viazi vya Njombe soko la Ilala, Dar es Salaam, na kurudi na sementi, mabati, sabuni na chochote ambacho wenye maduka wa Makambako walikuwa wameagiza. Ni zaidi ya kilomita 650 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na katikati yake kuna Kitonga, mlima ambao haumfichii dereva ugonjwa wowote wa injini yake.

Januari ile nusura Subira lishindwe kupanda Kitonga. Utingo alinisimulia kwamba Baba alilisukuma kwa gia ya kwanza, moshi wa bluu ukafunika kona nzima hata magari ya nyuma yakawasha taa mchana, na walipofika juu kijiti cha kupimia oili kilitoka kikavu. Mzigo ulihamishiwa gari jingine pale Ilula. Subira likarudi nyumbani tupu, likisimama kila baada ya muda kuongezwa oili kama mgonjwa anayenyweshwa maji njiani.

Daftari lilikuwa limeshatuambia. Mwaka 2003 nilikuwa naandika lita 1 ya oili ya kuongeza kwa safari moja. Mwishoni mwa mwaka 2005 nilikuwa naandika lita 9. Oili ilikuwa inapenya kwenye ringi za pistoni zilizochoka na kuungua pamoja na dizeli, na ndiyo maana moshi ulikuwa wa bluu. Baba alikuwa anaiona namba hiyo kila mwisho wa mwezi, anatikisa kichwa, halafu ananiambia nifunge daftari.

Njia zilizokuwepo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kufungua injini yote na kuijenga upya, kazi ambayo fundi aliikadiria shilingi 5,200,000. Ya pili ilikuwa kumwuzia mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Mafinga, aliyekuwa tayari kutoa shilingi 11,000,000 kwa gari kama lilivyo, kisha kuongezea kupata Fuso jingine lililokuwa yadi Dar es Salaam kwa shilingi 34,000,000. Pengo la milioni 23 lilikuwa lizibwe na mkopo, na dhamana ya mkopo ilikuwa hati ya nyumba. Tangu neno "hati" lilipotamkwa mezani, Mama hakumaliza sahani yake ya ugali.

Siku ya uamuzi Baba alinichukua kwenda gereji. Nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo. Upepo wa Makambako ulikuwa unavuma kama kawaida yake, unapeperusha vumbi na majani ya mikaratusi, na fundi alikuwa ametandika turubai chini, amepanga pistoni zote sita kwa mstari kama mama anavyopanga vikombe vya wageni. Alimsalimia Baba, "Kamwene, mzee," kisha akanitazama mimi na daftari langu nililolikumbatia kifuani.

"Huyu ndiye mhasibu wako? Basi na yeye aone," akasema.

Aliniita hadi kwenye bloku ya injini iliyokuwa wazi, akafuta tundu la silinda ya kwanza kwa kitambaa, akashika kidole changu cha shahada na kukiingiza ndani. "Pandisha taratibu, ukucha uguse ukuta." Chuma kilikuwa baridi na laini kuliko nilivyotarajia, laini kama kigae cha ndani ya kikombe. Nikapandisha. Karibu na ukingo wa juu ukucha wangu ukakwama. Kulikuwa na ngazi ndogo pale, haionekani vizuri kwa macho lakini ukucha hauwezi kuipita. Fundi akanieleza kwamba ringi ya juu ya pistoni haifiki pale mwisho kabisa. Hupanda, husimama, hushuka, na kwa miaka yote ile ilikuwa imeula ukuta ulio chini yake, ikauacha ukingo wa juu katika upana wake wa kiwandani. Kile kilichoukwamisha ukucha wangu kilikuwa tofauti kati ya gari lilivyozaliwa na gari lilivyokuwa siku ile. Akanipeleka silinda ya pili, ya tatu, hadi ya sita, na kila mahali ukucha ulikwama, mahali pengine zaidi.

Baba naye aliingiza kidole chake. Alikiacha mle muda mrefu. Sijui alikuwa anahesabu nini: safari, au usiku aliolala chini ya bodi pale Mikumi akisikia wanyama, au vifurushi alivyotuletea. Alipokitoa, hakukifuta mafuta.

"Hizi slivu, maganda ya ndani ya silinda, si tatizo, mzee, ziko madukani, tunang'oa na kuvalisha mpya," fundi akaendelea. "Tatizo liko huku." Akatuonyesha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyolazwa juu ya vipande viwili vya mbao, akaipima kwa maikromita mara tatu mahali pamoja. Krenki ikishalika upande mmoja hupelekwa kwenye mashine, ikachongwa robo ya milimita ili iwe mviringo tena, kisha ikavalishwa beringi nene zaidi. Ya Subira ilikuwa imekwishachongwa mara mbili, moja yao kabla halijawa letu, na ilikuwa imefika nusu milimita chini ya kipimo chake cha awali. "Leo tunaipeleka sabini na tano, yaani robo tatu ya milimita. Baada ya hapo imebaki mara moja tu. Halafu basi, hakuna chuma cha kuchonga."

Baba akakaa juu ya tairi lililolazwa chini. "Mama," akaniita, kama alivyokuwa akiniita siku zote, "hebu nisomee gharama za gari, mwaka jana na mwaka juzi."

Nikasoma. Nilisoma klachi, nozeli, gasketi mbili za kichwa cha silinda, kuchomelea chesisi nyuma ya kebini, rejeta, tairi, fundi, fundi, fundi. Jumla ya matengenezo ya miaka miwili ilikuwa shilingi 6,840,000, nami niliitamka polepole ili isikike. Lakini pembeni mwa kurasa hizo kulikuwa na kitu kingine nilichokiandika kwa penseli, ambacho hakuna aliyenituma kukiandika. Zilikuwa siku ambazo gari halikwenda popote. Kwa mwaka 2005 nilihesabu siku 71. Safari moja ilichukua siku tano na kutuachia kama shilingi 250,000 baada ya dizeli, posho na ushuru, kwa hiyo siku zile zilikuwa safari 14, na safari 14 zilikuwa shilingi 3,500,000 ambazo hazikuandikwa kokote kama gharama kwa sababu hakuna mtu aliyezitoa mfukoni. Kwa mwaka ule mmoja, kulala kulitupotezea zaidi ya yote tuliyolipa gereji mwaka wa kabla yake.

Zile siku sikuzisoma.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ni kweli kwamba Baba aliuliza gharama tu, na mtoto hujibu alichoulizwa. Ni kweli pia kwamba usiku uliotangulia nilimkuta Mama jikoni amekaa gizani, ile hati ipo mapajani mwake ndani ya mfuko wa nailoni, na hakunificha kwamba alikuwa analia. Nilijua kwamba zile siku 71 zikisomwa mbele ya fundi, mizani ingelalia upande wa mkopo. Nilifunga daftari, nikaushika mgongo wake kwa nguvu, na Baba akasema, "Milioni sita kwa miaka miwili, gari linavumilika. Lijenge."

Yaliyofuata niyapitie haraka. Krenki ilifungwa kwenye gunia ikapelekwa Iringa kwa basi, ikakaa huko siku 19, kwa sababu mwaka ule ukame ulikuwa umeshusha maji ya Mtera, umeme ukawa wa mgawo nchi nzima, na mashine ya kuchongea haikuweza kuanza kazi ambayo ingekatishwa katikati. Hizo 19 niliziandika pia. Subira lilipowashwa halikutoa moshi hata kidogo, na Baba alilizunguka mara mbili akiwa ameweka kiganja chake kwenye bodi. Lilifanya kazi miaka sita zaidi. Mwaka 2010 krenki ilichongwa mara yake ya mwisho. Mwaka 2012 gia boksi ilikufa na tukaliuza kwa shilingi 6,000,000. Wadogo zangu wawili walisomeshwa nalo. Nyumba haikuwekwa rehani, na Mama alifia ndani yake akiijua kuwa ni yake.

Hata hivyo, siku zile za kulala ziliongezeka kila mwaka, na nimezijumlisha zote. Pesa iliyopotea katika miaka sita ingeweza kulipa sehemu kubwa ya mkopo ule tuliouogopa. Au gari lile jipya lingepinduka Kitonga mwezi wa tatu, na benki ingeuza nyumba. Nimejaribu kuipiga hesabu hiyo kila upande na haikubali kufungwa, kwa kuwa upande mmoja una namba na upande mwingine una uso wa Mama gizani.

Sasa zamu imekuwa yetu. Jana asubuhi niliiwasha Canter, nikafungua kifuniko cha kujazia oili na kuweka kiganja juu ya tundu. Hewa ya moto ilikuwa inapiga kiganja kwa mapigo, na kiganja kikatoka kina mvuke mweusi wa mafuta, maana yake ringi zinaachia na mgandamizo unashukia chini badala ya kusukuma. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba pale uani. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini masikio ni yaleyale. Alisikiliza injini kwa muda, akainua mkono kuniashiria niizime.

"Shikamoo Baba, samahani, nimekupigia kelele," nikasema.

"Marahaba, mama. Daftari unalo?"

Nikamwambia ninalo. Nikaenda kulileta, nikavuta kigoda karibu naye, nikaanza kutafuta ukurasa wa gharama za matengenezo. Akanizuia kwa kuweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Na siku lilizolala," akasema, "umeziandika?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Nilitazama kile kiganja, kilivyokonda, chenye alama nyeusi za oili ambazo hazikutoka tena kwenye mistari yake.

"Nimeziandika, Baba."

"Basi nisomee hizo kwanza."