Kutoka Lindi hadi Mtandi kwa njia ya waliokombolewa

Sisi Waanglikana wa kusini tukisema tunakwenda kuhiji Masasi, kila mtu anajua ni Mtandi: kanisa kuu la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo, pale penye milima ya mawe. Tunashuka kwenye basi, tunasali, tunapiga picha mlangoni, tunauliza habari za maaskofu, tunakula pilau na kurudi Mtwara. Nimekwenda hivyo tangu niko kwaya ya watoto. Safari hii nilitaka nifike Mtandi kwa kufuata waliotangulia, maana kanisa lile maaskofu hawakulianzisha peke yao.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu kabla. Watu hao walikuwa wamelelewa na misheni, wamebatizwa, wamejifunza kusoma na kufanya kazi za mikono. Wengi asili yao ilikuwa huku bara, upande wa Ruvuma na Nyasa. Walikamatwa wakiwa wadogo wakateremshwa pwani kwa miguu. Nia ya misheni ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Wakavuka bahari, wakashukia Lindi.

Kwa hiyo nami nilianzia Lindi. Nililala kwa mdogo wangu, alfajiri nikateremka ufukweni. Mashua zilikuwa zinaingia na akina mama wenye mabeseni wamekwisha kujipanga majini hadi magotini, wanaitana, wanagombea bei kabla samaki hajashuka. Bandari hii ilipokea misafara ya pembe na ya watu kutoka bara, kama Mikindani na Kilwa. Nikajaribu kumfikiria mwanamke mmoja katika lile kundi la Steere. Alipita hapa akiwa mtoto, amefungwa, haelewi anapelekwa wapi. Sasa anashuka hapa hapa akiwa mtu mzima, ana jina la ubatizo, na mbele yake ni ile njia aliyoteremshwa nayo. Angeweza kukataa. Mimi nadhani ningekataa. Nikafungua Zaburi ya 126, ile ya mateka waliorejezwa Sayuni, nikaisoma yote kwa sauti, na vijana wa mashua wakaniacha nimalize.

Njia ya leo haina taabu. Pale Mnazi Mmoja unashuka kununua samaki wa kukaanga na korosho, halafu gari linashika bonde la Lukuledi: Mtama, Nyangao, Nanganga, Ndanda. Ni zaidi ya kilomita 100, nasi tulizimaliza kabla ya jua kuwa kali. Wao walitembea, na mizigo kichwani.

Pale Nyangao na Ndanda niliwakumbuka ndugu zetu Wakatoliki, ambao nao wana hija yao katika barabara hii hii. Misheni ya Wabenediktini ya Nyangao na ile ya Lukuledi zilichomwa wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, na mwaka huo huo Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa upande wa Liwale. Mwaka uliofuata ndipo Ndanda ikaanzishwa. Hospitali yake imetibu watu wa dini zote kusini hii, na mama yangu ni mmoja wao.

Masasi inajitangaza kwa mawe yake. Unaona mlima wa kwanza ukiwa bado uko mbali, mweusi, mtupu, halafu mwingine, halafu mji unatokea katikati yao. Mapokeo yetu yanasema hapa ndipo wale watu waliposema basi. Walikuta ardhi nzuri na maji, wakaomba wakae. Steere akakubali. Nyasa ikabaki mbele, kijiji kikaanza.

Nilipokewa na mzee aliyekuwa mwalimu wa kanisa kwa miaka mingi, sasa amestaafu. Nilimkuta mlango wa sakristia akikwangua masizi ya ubani ndani ya chetezo kwa kijiko cha zamani. Hakuacha kazi. Alikwangua, akapuliza, akageuza chetezo juani kutazama kama kumebaki kitu, akakwangua tena. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuona kaburi la nani?”

Nikamwambia sikuja kwa kaburi, nimekuja kwa habari za waliokuja na Steere. Akaweka kijiko chini.

Alianza na mwaka 1882, mwaka ambao Steere mwenyewe alifariki Unguja. Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Nilikuwa nimesoma habari hiyo, lakini mzee aliisimulia polepole, akirudia neno moja: tena. Watu waliokwisha kutekwa wakatekwa tena. Waliokwisha kupoteza watoto wakapoteza tena. Misheni ikahamia Newala kwa muda, ila Masasi haikuachwa moja kwa moja. Walirudi wakajenga.

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Tukiwafundisha watoto wa Kipaimara historia ya kanisa letu tunataja majina ya Waingereza, na ni haki yao, waliacha kwao na wengi walifia huku. Lakini imani ya kusini ilibebwa na watu waliokuwa na kila sababu ya kumlaumu Mungu na hawakumwacha.

Chukua Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika UMCA. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, upande wa Newala, na kanisa likakua mikononi mwake. Mwaka 1890! Wakati huo Wajerumani ndio kwanza wanajipanga pwani. Niliwauliza vijana wa kwaya yetu kama wanamfahamu. Waliniangalia tu.

Mzee alinipeleka ndani tukasali. Tulipotoka tukazungumza habari za jando, maana nilimwambia baba yangu aliingia jando la kanisa. Akacheka kwa furaha, naye pia ni wa likumbi hilo, yaani kambi ya jando. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, hakutaka wavulana wa Kikristo wachague kati ya mila ya wazazi na kanisa. Aliruhusu jando liendelee, likiwa na sala na padre akiwa pamoja nao. Wapo waliompinga. Mimi ninamshukuru, kwa sababu baba alitoka kule akiwa mwanamume mbele ya wajomba zake na Mkristo mbele ya altare, na katika nyumba yetu mambo hayo mawili hayakuwahi kugombana. Mzee anamkumbuka vizuri na Askofu Trevor Huddleston, yule aliyepigana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, ambaye alikuwa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Lakini ukimwacha aseme anachotaka mwenyewe, anarudi kwa walimu wa vijijini: waliotembea Jumamosi nzima ili Jumapili watu wa kigango wasali.

Nimemwomba padre wetu hapa Mtwara hija ijayo ya Umoja wa Akina Mama iende Chitangali. Amekubali. Tunafikiria mwezi wa nane, ufuta ukiwa umekwisha kuuzwa na korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi. Mwenye ndugu Chitangali, Chiwata au Luatala, hasa mzee anayekumbuka majina ya walimu wa kwanza na mahali walipozikwa, anitafute tafadhali. Tutakuja na daftari.