Laptopu kuukuu, waya mmoja na taa ya injini: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi asubuhi

Laptopu yenyewe ni ile iliyokaa juu ya kabati miaka mitatu. Betri imekufa kabisa, bawaba ya kushoto imevunjika hivyo skrini lazima iegemezwe kitu, na herufi E haibonyezeki mpaka uibembeleze. RAM GB 4. Kwa kazi za siku hizi haifai. Kwa kuongea na gari inatosha na kubaki, kwa sababu gari langu la 2003 linatuma habari zake kwa kasi ya biti 10,400 kwa sekunde.

Kilichonisukuma ni taa ya injini. Imewaka mwezi mzima. Nimelipeleka gari kupimwa mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa "ni sensa", taa ikafutwa, siku nne baadaye ikarudi. Sensa ipi, na imejulikanaje, hakuna aliyenionyesha. Nikasema safari hii nazitaka namba nizione mwenyewe.

Adapta ni waya wa USB wenye plagi ya pini 16 upande wa pili. Tundu lake liko chini ya dashibodi, juu kidogo ya miguu ya dereva. Marekani ililazimisha mfumo huu wa gari kueleza hitilafu zake, OBD-II, kuanzia magari ya modeli ya 1996, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, ndiyo maana adapta moja inaingia kwenye magari ya kila aina. Ndani yake kuna chipu ya kutafsiri kati ya gari na kompyuta, inayojiita ELM327. Nasema "inayojiita" kwa sababu ELM Electronics wa Kanada, waliobuni chipu hiyo, walitoka toleo la 1.4b wakaruka moja kwa moja hadi 2.0, ilhali yangu ukiiuliza inajibu kifua mbele: ELM327 v1.5. Toleo ambalo halijawahi kuzaliwa! Lakini inafanya kazi, tena kuliko ile ya bluetooth niliyoanza nayo, ambayo nusu ya amri ilizijibu kwa alama ya kuuliza.

Jumamosi jioni

Nimepoteza saa mbili kwa jambo ambalo halihusiani na gari hata kidogo.

Nimesimika Ubuntu 22.04 na kuweka Xfce, mandhari nyepesi ya skrini, ili laptopu isizimie. Nachomeka adapta, natafuta /dev/ttyUSB0, jina ambalo Linux huipa adapta kama hii, haipo. Nachomoa, nachomeka, haipo. Nikadhani waya umekatika. Mwisho nikafungua kumbukumbu za mfumo kwa dmesg nikaona kisa chote: mfumo unaitambua CH340, chipu ya USB iliyomo kwenye waya, unaipa jina ttyUSB0, na papo hapo programu iitwayo brltty inaipokonya. Brltty ni programu ya kuendesha vifaa vya kusomea nukta nundu kwa wasioona. Namba ya utambulisho ya CH340, 1a86:7523, inafanana na ya kimojawapo cha vifaa hivyo, basi programu inadhani mgeni wake amefika.

Kwa kuwa hapa nyumbani hakuna anayeitumia, niliiondoa: sudo apt remove brltty. Kisha nikajiingiza kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kutumia tundu hilo, nikatoka na kuingia upya, na tundu likatulia. Kama waya wako "hausomi" kwenye Linux, anzia hapo kabla hujautupa.

Jumapili

Funguo kwenye ON, injini haijawashwa. Nikafungua terminali kwa screen, kasi 38400, nikaandika ATZ. Adapta ikajitambulisha. ATRV, kuuliza volti: 12.3V. ATSP0, yaani jitafutie mwenyewe protokoli. Halafu 0100, swali la kwanza la adabu: gari, unajua kujibu nini?

SEARCHING... ikakaa. Ikakaa. Halafu mstari wa tarakimu ukashuka. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. ATDP ikasema ni ISO 9141-2, ule mfumo wa zamani wa waya mmoja kwenye pini ya 7. Ndiyo maana ya kusubiri: kompyuta ya gari lazima kwanza igongewe mlango kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde, kwa hiyo salamu peke yake inakula sekunde mbili.

Swali la pili ndilo lililonileta. Amri 03, nipe kodi za hitilafu. Jibu:

43 01 71 00 00 00 00

Hapa nikafanya kosa la kitoto. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba baiti inayofuata 43, ambayo ni alama tu ya jibu la 03, ni idadi ya kodi, na kodi zenyewe zinaanza baada yake. Basi nikahesabu: 01, kodi moja. Kodi yenyewe 71 00. Tarakimu ya 7 kwa biti ni 0111. Mbili za mwanzo, 01, ni herufi C, mfumo wa chasisi. Mbili zinazofuata ni 3. Nikapata C3100. Jioni nzima nimetafuta C3100 ni nini, nikakagua mpaka waya za breki kwenye magurudumu.

Jumatatu

Hakuna C3100. Usiku nikiwa nimelala ndipo nikakumbuka kwamba gari huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati taa inawaka, na picha hiyo ina kodi yake ndani. Asubuhi kabla ya kazi nikashuka na laptopu, nikaandika 020200:

42 02 00 01 71

Hapo hakuna nafasi ya kujidanganya, baiti mbili za mwisho ni 01 71. Sifuri ya mwanzo ni P (mfumo wa injini na gia) na 0, inabaki 171. P0171: injini inapata hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo, upande wa kwanza. Ile baiti ya idadi ipo kwenye magari ya CAN tu, mtandao mpya zaidi wa mawasiliano ndani ya gari. Kwenye magari ya zamani kama langu kodi zinaanza mara baada ya 43, na sifuri za mwisho ni za kujazia nafasi. Marekani imelazimisha CAN tangu modeli za 2008, kwa hiyo maelezo mengi siku hizi yanaandikwa kana kwamba magari mengine hayakuwahi kuwepo.

Nikaendelea kuisoma picha. 020C00 ikajibu 42 0C 00 0B 54. Heksadesimali (namba za msingi wa 16) 0B54 ni 2,900. Gawa kwa 4, mizunguko 725 kwa dakika. 020500 ikajibu 7F, yaani 127, toa 40, nyuzi 87 za maji ya injini. Kwa hiyo taa iliwaka injini ikiwa imeshapata moto, gari limesimama, liko kwenye silensa, mguu hauko kwenye mafuta. Hii ndiyo habari iliyofutwa mara mbili pamoja na taa bila mtu kuisoma. Ukituma amri 04 kodi inafutika na picha inaondoka nayo.

Katikati ya wiki

Umeme wa laptopu umenisumbua. Betri yake haishiki hata dakika, hivyo nilichukua chaja ya gari inayopandisha volti hadi 19. Ukiwa na gari lililozima inafanya kazi vizuri. Ukigeuza funguo kuwasha, tundu la kiberiti linakatwa umeme wakati stata inazunguka, na laptopu inazima paa. Nikarudia mara tatu kama mtu asiyejifunza. Sasa naburuta waya wa umeme kutoka ndani ya nyumba, mambo ya betri ya gari nimeyaacha.

Jambo jingine: pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Adapta ikiachwa imechomekwa inaendelea kunywa kidogo kidogo. Nachomoa kila nikimaliza.

Usiku nimeandika programu fupi ya Python kwa pyserial, maktaba ya kuongea na adapta kama hii. Inauliza vitu vinne kwa zamu: mizunguko (010C), hewa inayoingia (0110), marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, ya papo kwa papo (0106) na ya muda mrefu (0107), halafu inaviandika kwa herufi kubwa kiasi cha kusomeka kutoka nje ya kioo. Mwanzoni namba zilibadilika mara moja tu kwa sekunde. Kisha nikagundua kwamba ukiongeza tarakimu 1 mwisho wa amri, 010C1, unaiambia adapta isubiri jibu moja tu, isikae ikitega sikio kwa kompyuta nyingine. Kasi ikakaribia mara mbili. Kwa gari hili hiyo ni neema.

Jumamosi ya pili

Leo ndiyo siku yenyewe. Gari nje, breki ya mkono juu, injini imepata moto.

Kwenye silensa: hewa gramu 2.4 kwa sekunde. Marekebisho ya muda mrefu 41 07 96. Heksadesimali 96 ni 150. Toa 128, zidisha 100, gawa 128: asilimia 17 za kuongeza. Ya papo kwa papo nayo inaongeza karibu 5 juu yake. Ina maana kompyuta inamimina mafuta zaidi ya asilimia 20 kupita hesabu yake, na bado haijaridhika.

Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 na kushikilia hapo. Ya muda mrefu ikashuka hadi 88, yaani asilimia 6. Hapo nilitabasamu. Kama pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, au chujio limeziba, hali ingekuwa mbaya zaidi kadiri injini inavyodai mafuta mengi. Hapa ni kinyume chake. Tundu dogo baada ya sensa ya hewa linaingiza hewa ya wizi isiyohesabiwa. Kwenye silensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ile ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, inamezwa na hewa nyingi halali.

Sasa liko wapi? Wapo wanaopuliza maji ya kusafishia kabureta kuzunguka mipira na kusikiliza injini. Kupuliza kitu kinachoshika moto juu ya injini ya moto sikukutaka. Nilichukua koleo, nikazungushia matambara kwenye meno yake ili nibane mpira mmoja mmoja, na binti yangu akakaa kwenye kiti cha dereva kunisomea namba ya papo kwa papo. Mikono yangu mbali na mkanda wa feni, shati nimeingiza ndani.

Nikaminya mpira wa kwanza, ule wa breki.

"Tano, Baba. Nne. Tano."

Nikauachia. Wa pili, mwembamba unaokwenda kwenye vali ya mvuke wa petroli.

"Tano. Bado tano. Baba, hii kazi inalipwa?"

Wa tatu ni ule mfupi mnene unaorudisha mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye manifodi ya hewa. Umejikunja kona na kwa juu unaonekana mzima. Nikaubana karibu na manifodi. Mlio wa injini ukabadilika kidogo, kama mtu aliyeacha kukoroma.

"Mbili... sifuri... hasi! Baba, imekwenda hasi! Hasi kumi na mbili nukta tano!"

Nikauachia, ikapanda. Nikaubana, ikashuka. Tumeurudia mchezo huo mara tano kwa sababu ya utamu tu. Yale marekebisho ya muda mrefu bado yalikuwa yanaongeza mafuta kwa mazoea, hewa ya wizi imekatika ghafla, basi ya papo kwa papo ikalazimika kupunguza.

Tukazima, nikaungoja upoe, nikauchomoa. Upande wa chini wa kona, mahali jicho halifiki, mpira umelainika kwa oili na kupasuka ufa wa urefu wa kucha ya kidole gumba. Ukiukunja unafunguka kama mdomo wa samaki. Sensa zote nzima.

Jumapili ya pili

Mpira mpya umeingia, vibano vipya pia. Nimenakili namba zote za ile picha kwenye daftari kwanza, ndipo nikatuma 04. Gari likajibu 44 na taa ikazima.

Programu nimeiongezea kuhifadhi kila mstari kwenye faili pamoja na saa. Herufi E bado inagoma, kwa hiyo faili linaitwa "gari".

Wiki ya tatu

Marekebisho ya muda mrefu kwenye silensa sasa yanasoma 82, asilimia moja na nusu hivi. Ya papo kwa papo yanacheza juu na chini ya sifuri. Taa haijarudi.

Kilichobaki ni vile vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe. Ukifuta kodi navyo vinarudi mwanzo, na amri 0101 inavionyesha. Siku niliyofuta ilijibu 41 01 00 07 65 65: baiti ya tano inasema gari lina vipimo vipi vya aina hiyo, ya mwisho inasema vipi havijamalizika, na zikilingana ina maana bado vyote vinne. Siku mbili baadaye ya mwisho ikawa 05, sensa za oksijeni na vipasha joto vyake vimepita. Juzi, baada ya safari ndefu ya mwendo usiobadilika, kataliti, kifaa cha kusafisha moshi, nacho kikapita.

Leo asubuhi: 41 01 00 07 65 04. Imebaki mvuke wa petroli peke yake, na kipimo hicho hakifanyiki tangi likiwa limejaa. Nililijaza jana.