Udongo umevaa nini

Jumapili saa nne usiku, dogo kashalala, na mi bado nabishana na bibi ambaye hayupo hapa na pengine hata hakumbuki kama tuliongea.

Ni jana shambani. Mnajua nilivyoanza, nilisema naenda Jumamosi moja tu nione hicho kilimo hai wanachokisifia, sasa hii ni ya sita. Shule zimefungwa kwa hiyo shamba limejaa watoto, afu wapo wale vijana wa Uholanzi waliokuja kujitolea, kwao sasa hivi ndo kiangazi, basi wanashinda na kaptula wakati sisi tumevaa masweta mawili mawili na mlima Kilimanjaro hatujauona tangu Jumanne.

Kazi ilikuwa kupanga mboji na kutandaza majani. Mwalimu wetu ana msemo wake, "udongo usikae uchi, uvalisheni," anaurudia mpaka watoto wanamalizia wenyewe. Jua likikuta udongo mtupu linakausha kila kitu, mvua ikiukuta inaondoka nao. Jana akaongeza kwamba haya mambo si mageni, wazee wa Kichaga huko juu mlimani walikuwa nayo kwenye kihamba, yaani lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, miti mirefu, chini yake migomba, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na maharage, ng'ombe bandani anakula majani ya mgomba na samadi inarudi mgombani, na ndo maana FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliiingiza Shimbwe Juu, kule Uru, kwenye urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Yule bibi wa Uru alikuwa amekaa pembeni anasikiliza kama mtu anayeelezewa jiko lake mwenyewe.

Baadaye niko kwenye tuta la nyanya natandaza, nimechafuka mpaka viwiko, najiona mtu wa maana. Akasimama karibu na mundu wake.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Kibosho, bibi. Umbwe."

"Kihamba chenu anakaa nani?"

"Hakuna mtu bibi, baba alishatutoka, mdogo wangu yuko Dar."

Akaangalia tuta langu, akaangalia rundo la majani.

"Huu umeuvalisha vizuri. Na wa kwa baba yako umevaa nini?"

Unajua nilijibu nini? Nilisema aika, bibi. Yaani mtu kanichapa kibao mi nashukuru! Akacheka kidogo akaenda zake kukata majani.

Majibu ninayo sasa, tena mengi. Kwamba mi mtoto wa kike bibi, kihamba ni cha mdogo wangu, yeye ndo kitinda mimba na mila unaijua kuliko mimi. Kwamba mwezi wa pili nilituma elfu hamsini mtu apalilie (hakupalilia, ila nilituma). Kwamba kupanda Umbwe na kurudi ni nauli na siku nzima, ingawa hili usiku nimelipigia hesabu na kuja huku tambarare ni nauli karibu ileile na siku nzima ileile, basi nikaliondoa. Kinachoniuma ni kwamba hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu mama hajambo. Na sisi Desemba tunapanda wote, mbuzi, picha migombani, tunafagia vigae vya kaburi vinang'aa, tarehe mbili tunashuka. Hatua tano kutoka kwenye hivyo vigae huwezi kupita kwa magugu.

Na wiki yenyewe ilikuwa na mambo, wifi kajifungua salama wa kike kilo tatu na ushee, kazini kaja bosi mpya, lakini mi niko na udongo.

Sasa dogo. Si ndo nimeletewa yeye mpaka mama yake apate nguvu, mtoto wa Dar kabisa, asubuhi kakataa kushika samadi, kakaa kwenye jiwe kaziba pua. Wakafika kwenye lile rundo la mboji la wiki iliyopita ambalo huwa tunalichomeka fimbo katikati, mwalimu akaichomoa akampa aishike. Jamani ile sura! "Shangazi, ni ya moto! Nani kawasha?" Hakuna aliyewasha, ni wadudu wasioonekana wanakula majani na samadi mle ndani, joto linapanda lenyewe. Kuanzia hapo hakukaa tena, kazi ikawa kuchomeka na kuchomoa, mpaka Waholanzi wakapanga foleni nyuma yake.

Kwenye daladala tumebanana kiti kimoja, nadhani kasinzia, akaniangalia. "Shangazi, kwani kwa babu udongo umevaa nini?" Kumbe alikuwa anasikiliza.

Nikasema magugu.

Akafikiri. "Basi hauko uchi."

Nilicheka mpaka konda akageuka. Nikatamani kumpigia bibi simu, na namba yake sina. Nimemwambia dogo Jumamosi tusiende shambani, tupande Umbwe na mundu mmoja tukaone tunaanzia wapi, kauliza kama na huko kuna fimbo ya moto.

Nilikuwa nafunga simu nilale, kumbe kuna meseji ya mwenye nyumba tangu saa moja. "Nitapita kesho jioni tuongee." Hivyo tu, hata salamu hakuna. Kodi nimelipa mpaka mwezi wa tisa. Tuongee nini?