Nusu ya Doti: Tulivyoanza Kutuzana Sisi Watunzi

Nilikuwa nimepeleka mashairi gazetini kwa miaka sita, na katika miaka hiyo sijawahi kupata neno kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mume wangu alisema mazuri. Dada yangu alikuwa akikata kila shairi langu lililochapwa na kulibandika kwenye daftari. Nawashukuru wote wawili, lakini wale walinipenda mimi kwanza. Nilikuwa na hamu ya mtu aliyeanza kwa kulipenda shairi.

Mwaka 2016 barua ikaja. Wakati ule chini ya shairi gazetini paliandikwa jina la mtunzi, lakabu yake, sanduku la posta na mji, na kwa njia hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa Pangani akanipata Tanga. Aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa watu waliofundishwa kuandika kwenye vibao. Alikuwa amenakili mstari wangu mmoja:

Sindano ina kijicho, uzi hupita kwa mate.

Mimi ni fundi cherehani, mstari huo ulinijia nikiwa kazini Ngamiani, nikilowesha uzi mdomoni. Mwalimu akaandika: "Binti yangu, nimelisoma neno kijicho mara tatu. Mara ya kwanza nikaona jicho dogo la sindano. Mara ya pili nikaona husuda. Mara ya tatu nikayatazama yale mate, nikaona ni ulimi laini, ndio unaopita penye husuda. Umekusudia yote?"

Nilikuwa nimekusudia mawili. La tatu amenipa yeye. Nilikaa na barua ile mapajani, cherehani imesimama, na mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana, nimepata msomaji.

Kumjibu kukawa kazi. Kila nilichoandika kilikuwa chepesi kuliko alichonipa. Kwetu pwani mtu akiguswa na wimbo hakai akasema "hongera." Husimama, akaenda mbele na noti yake, akamtuza mwimbaji mbele za watu, wengine husema kumtunza. Neno tuzo nalisikia humo humo. Nikajiuliza, mtunzi wa shairi la gazetini atatuzwa vipi, na hakuna jukwaa wala zumari?

Nikatoka nikaenda kununua doti ya kanga. Wakati huo niliipata kwa shilingi elfu kumi. Jina lake lilikuwa Wema hauozi. Nikaikata katikati kama inavyokatwa doti yoyote, nikapinda ncha zote, kisha badala ya kuweka vipande vyote viwili pamoja, kimoja nikakifunga kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu kwa basi la Pangani, kingine nikabaki nacho. Ndivyo mashoga, wanawake marafiki, walivyokuwa wakifanya utotoni kwangu: doti moja, watu wawili, na siku ya shughuli mkionekana nayo kila mtu anajua nyinyi ni nani kwa nani. Ndani nikaweka karatasi. Nilimnakilia mstari wake mmoja niliokuwa nimeuhifadhi tangu zamani bila kujua kwamba ni wake, nikamweleza ulinikuta nikiwa wapi na ulinifanya nini.

Alinipigia simu. Alisema mkewe ameshaivaa sokoni. Kisha akasema, "Sasa mimi sikurudishii wewe. Nitampa mwingine."

Akampa kijana mmoja wa Dodoma, mkoa aliozaliwa Mathias Mnyampala, baba wa ngonjera, na kijana huyo alikuwa akitunga ngonjera za kusomwa mashuleni. Alipofungua kifurushi akaona kanga, alishangaa kidogo kama mwanamume, akampa mama yake akaenda nayo kanisani. Lakini barua alibaki nayo yeye. Baada ya miezi minne, kijana yule naye akanunua doti, akakata, akapeleka nusu kwa muuguzi wa Morogoro aliyekuwa akitunga usiku akiwa zamu. Muuguzi akapeleka kwa mtunzi wa Mombasa. Kila mmoja alinijulisha, ingawa sikuwa nimemwomba. Tulikuwa watu tisa mwishoni mwa mwaka 2018, na wengi wetu hatujawahi kuonana.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mwaka 2019 watunzi kadhaa wa pande mbili za mpaka tulikutana Mombasa, mkutano mdogo wa siku moja, chai na mahamri na kughani. Niliona ni nafasi ya kuikuza tuzo yetu kwa mkupuo. Nikanunua doti kumi za chapa moja, nikazipinda zote kwa siku mbili, nikazigawa pale ukumbini kwa watu kumi. Barua sikuandika hata moja. Muda haukutosha, na nilidhani kanga inajisemea. Watu walipiga makofi, tukapiga picha. Tulionekana kama tumevaa sare ya harusi.

Katika ukumbi ule alikuwepo bibi mmoja wa Mji wa Kale, aliyekuwa akitunga kwa miaka zaidi ya arobaini, ambaye wengi wetu tulijifunza kwake bila yeye kujua. Sikumpa. Nasema kweli, nilimwona ni mkubwa mno kwa kanga ya elfu kumi. Nilidhani kumpa ni kumshusha. Wakati wa kuondoka nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akanishika mkono na kuniambia kwa utulivu, "Leo mumetuzana vyema."

Sikusikia kitu pale. Nilisikia nikiwa kwenye basi, tumeshafika Lunga Lunga, watu wanashuka kugonga pasi. Mumetuzana. Yeye hayumo.

Na zile kanga kumi? Watu wawili walinirudishia mimi mwenyewe, nipe nikupe. Wengine wanane hawakupeleka popote, wala siwalaumu. Nilikuwa nimewapa nguo. Hakuna aliyejua ni mstari gani wake ulionifikia, kwa hiyo hakuwa na cha kupokea wala cha kupitisha. Hata wale wa mnyororo wa zamani wakapoa. Muuguzi wa Morogoro alinieleza kwa upole kwamba alipoona picha ile, barua yake ilimpungukia thamani, kwa kuwa alidhani tulichokuwa nacho ni cha kuchagua.

Nataka kulisema hili kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi yenyewe. Tuzo kubwa za Kiswahili tunazo, na nazifurahia kila zinapotangazwa: ile iliyoanza kutolewa 2015 kwa jina la Mabati-Cornell, na sasa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa 2023. Zina majaji, zina fedha, zinamtoa mtunzi gizani. Lakini jaji hana wajibu wa kumwambia mtunzi kwamba mstari wa pili wa ubeti wa nne nilikuwa nausema moyoni wakati mama yangu anaingizwa chumba cha upasuaji. Mtunzi mwenzake anao. Na sisi watunzi ni wagumu sana kuambiana hayo. Tuko hodari wa malumbano. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, tungo zinarushwa kati ya Mombasa na Lamu kama mawe ya kombeo, na raha yake naijua. Kosa la mizani la mwenzako unaliona kabla hujamaliza ubeti. Mstari wake uliokuliza unaupita kimya, na wakati mwingine, Mungu atusamehe, unaupita kimya kwa sababu umekuliza na si wako.

Kwa hiyo nilianza upya na watu watatu tu, mwalimu, kijana na muuguzi. Tulikubaliana kwa simu. Mtu atoe nusu doti moja kwa mwaka, asizidishe. Asimrudishie aliyempa. Na kanga isitoke bila barua, na barua isitoke bila mstari ulionakiliwa kwa mkono, pamoja na maelezo ya mahali mstari huo ulipomkuta msomaji. Kama huna mstari, ngoja hadi uupate, hata ikipita miaka miwili. Kijana aliuliza kama mtu anaweza kuandika "tungo zako zote ni nzuri." Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni salamu, na salamu haihitaji kanga.

Masharti hayo yaliponya mambo taratibu. Kifurushi kimoja kilipotea njiani wiki tano, kikaonekana nyuma ya magunia katika ofisi ya basi, jina limefutika, ila namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nzito ilisomeka. Tangu hapo naandika namba pande mbili, na ndani pia.

Bado nilikuwa na deni Mombasa. Mwaka 2020 ikaja korona, safari za mpakani zikakatika, na kila mwezi uliopita nililiona deni linakua. Sikutaka kulipeleka kwa basi. Lilikuwa la kupelekwa kwa miguu yangu.

Nilifika mwanzoni mwa 2022. Nikapita kwanza Barabara ya Biashara, kwenye duka la kanga zenye alama ya Mali ya Abdulla, ukoo ulioanza biashara mwaka 1887, nikatafuta jina kwa zaidi ya saa nzima. Kijana wa dukani alinivumilia, akafunua moja baada ya nyingine, mwisho nikaiona: Kawia ufike. Nikaikata palepale kwa mkasi wao. Kupinda nilikuwa nimepanga kupindia kwa mwenyeji wangu, kwa cherehani ya kuazima.

Bibi alinipokea barazani. "Ndoo, kaa hapa, mwanangu," akasema, akanipisha kwenye mkeka. Niliomba radhi kabla ya kahawa, kwa maneno machache, maana mengi niliyoyapanga njiani yalinitoka. Nikamwambia nilimwona mkubwa mno. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mkubwa hula pia."

Nikatoa barua nikamsomea mwenyewe, kwa kuwa macho yake yamepungua. Mstari wake niliounakili ulikuwa huu:

Nimekaa kwenye dau, pwani haitaki kuja.

Nikamweleza kwamba mwaka 2017 nilikaa hospitalini siku kumi na moja na mama yangu, kwenye benchi la korido, na kila daktari alipopita bila kusema kitu nilikuwa naurudia mstari huo, hesabu yake ya silabi nane kwa nane ikanisaidia kupumua. Mama alipona. Lakini hata asingepona, ningeukumbuka hivyohivyo.

Bibi akaniomba niusome tena. Nikausoma. Akasema aliutunga yeye wakati mumewe yuko safarini, na wakati ule watu walimwambia pwani haiji, ni dau linalokwenda, kwa hiyo amekosea. "Miaka thelathini n'nangojea mtu asiyenambia nimekosea," akasema.

Nikampa nusu yake ya kanga, nikamwomba radhi kwamba haijapindwa, jioni nitaipitisha kwenye cherehani. Hakukubali. Akamwita mjukuu alete sindano na uzi mweupe. Akaniambia nimtungie uzi, maana hiyo kazi macho hayaiwezi tena. Nikalowesha ncha mdomoni, nikapitisha. Akanitazama, akacheka, akasema, "Kwa mate." Nikajua amelisoma shairi langu.

Alipinda polepole, vidole vikikunja ukingo kwa kuupapasa, mshono mdogo wa mkono unaolala ndani ya kitambaa usionekane. Katikati ya kupinda akaanza kunieleza juu ya msichana mmoja wa mtaa wa pili, wa kidato cha tatu, anayemletea tungo zake Ijumaa baada ya chuo cha Kurani. Ametunga mbili tu. Akanisomea mstari mmoja kwa kichwa:

Bahari ina chumvi, na mimi nina kiu yake.

"Saba kwa tisa," akasema. "Amekata pasipo pake. Ukimpa Sheikh Amri Abedi na sheria zake za kutunga mashairi za 1954, huu haupiti." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini sikiliza mwenyewe. Bahari ina chumvi, na mimi nina kiu yake."

Nikamwuliza kama amemwonyesha kosa. Akasema atamwonyesha, ila si katika barua. Barua yataka mstari ulivyo.

Akaniuliza doti kama ile ni bei gani siku hizi Biashara, na kama duka halijafungwa bado. Nikamwambia hufungwa saa kumi na mbili. Akanipa hela akitoa kwenye fundo la leso yake, akaniambia niende upesi, nichague yenye jina la kumfaa mtoto, na nisiikate. Ataikata yeye.