Hesabu ya matunzo: nilivyoipeleka mahakamani Malindi bila wakili

Sababu za kuachana hazimo humu. Humu mna hesabu, karatasi na makosa niliyoyafanya nikidai matunzo ya watoto wawili, wa miaka 6 na 9, hapa Malindi. Kila nilipouliza niliambiwa "nenda kortini", na kortini nako hakuna mtu wa kukukalisha kitako akwambie uanze na nini.

Kwanza mlango. Talaka yetu ilipita kwa kadhi. Kadhi ana mamlaka juu ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu katika sheria ya Kiislamu, ikiwa pande zote mbili ni Waislamu na zimekubali kusikizwa naye. Hilo limo kwenye Kifungu cha 170 cha Katiba. Kwake nilimalizana na bakaa la mahari na nafaka ya eda, yaani matunzo yangu mimi wakati wa eda. Matunzo ya watoto niliyapeleka mahakama ya watoto, yaani kwa hakimu aliyeteuliwa kusikiza kesi za watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Wako wanaomaliza yote kwa kadhi, na mzazi mwenzao akiridhika mambo huenda. Asiporidhika, jambo la kwanza atakaloleta wakili wake ni kwamba mahakama haina mamlaka, na mtabishania mlango miezi kadhaa kabla hamjaingia ndani.

Kwa wasioolewa jibu ni fupi: Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au la. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Kabla ya korti nilipita kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Anawaita wazazi wote wawili, anawasikiza, na mkielewana anaandika makubaliano mnayotia sahihi. Hana nguvu ya kumlazimisha mtu alipe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaona wamepotezewa muda. Mimi naona hiyo ziara ina faida hata ikishindikana. Mwenzako akiitwa mara mbili asije, barua zile za wito ni ushahidi. Akija akakubali kiasi fulani kisha asilipe, yale makubaliano yaliyotiwa sahihi unaweza kuyapeleka mahakamani yafanywe amri. Nilitoka pale na nakala ya kila karatasi, iliyopigwa muhuri.

Kazi yenyewe ilikuwa daftari. Nilikaa wiki nne nikiandika kila shilingi inayotoka, kisha nikatenganisha ya watoto na yangu. Hapa ndipo madai mengi huvunjika. Mtu huandika kodi yote ya nyumba na chakula chote kana kwamba watoto wanaishi peke yao, hakimu akiuliza "wewe mama huli?" daftari zima linaingia shaka. Nyumbani tuko watatu, kwa hivyo sehemu ya watoto ni theluthi mbili. Chakula cha mwezi kilikuwa 9,000, ya watoto 6,000. Kodi 4,500, ya watoto 3,000. Maji, stima na gesi 1,500, ya watoto 1,000.

Vitu vya mwaka nilivigawa kwa 12. Sare, viatu na vitabu vya wote wawili vilifika 14,400 kwa mwaka, basi 1,200 kwa mwezi. Chakula cha mchana shuleni ni 3,000 kwa mtoto kwa muhula, mara watoto 2, mara mihula 3: 18,000, yaani 1,500 kwa mwezi. Chuo cha Qur'ani 300 kila mtoto, 600. Nauli ya tuktuk ya mdogo 800. Nguo, pamoja na za Idd, 9,600 kwa mwaka, sawa na 800 kwa mwezi. Dawa ndogondogo 500. Jumla 15,400.

Kila mstari uwe na kitu nyuma yake. Kodi ina risiti ya mwenye nyumba, au barua yake ikiwa hatoi risiti. Shule ina barua ya ada yenye muhuri. Samaki wa sokoni hana risiti, na hakuna anayetarajia uwe nayo. Bei ya kawaida ikitajwa kwa kiasi inatosha. Kinachokuangusha ni mstari uliotiwa chumvi. Mama mmoja tuliyekuwa naye foleni alikuwa ameandika "burudani 5,000" kwa mtoto wa miaka 3. Sikumcheka, maana rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na "mengineyo 4,000". Niliifuta nilipojiuliza mengineyo gani nikakosa jibu.

Upande wa pili wa hesabu ni nani ana nini. Hakuna fomula kwenye sheria ya Kenya. Mahakama hutazama mahitaji ya mtoto, mapato na majukumu ya kila mzazi, na hali ya maisha aliyozoea mtoto. Lakini ukija na uwiano unampa hakimu pa kuanzia. Mimi mahamri yananiachia kama 9,000 kwa mwezi. Mwenzangu, mhudumu wa hoteli, alikuwa akipata 24,000. Jumla yetu 33,000. Ishirini na nne kwa thelathini na tatu ya 15,400 ni 11,200. Hicho ndicho kiasi nilichoomba, na mapato yangu niliyaandika wazi kwenye hati ya kiapo. Ukificha chako, yeye atakileta, tena kwa picha za meza yako ya biashara.

Karatasi nilizofungua nazo kesi: madai yenyewe, hati ya kiapo ya kuthibitisha madai, maelezo yangu ya ushahidi, orodha ya vielelezo, hati ya kiapo ya mapato na matumizi, na ombi la dharura la matunzo ya muda wakati kesi inaendelea, nalo lina hati yake ya kiapo. Hilo la mwisho usilisahau. Kesi kamili huchukua muda, na bila ombi la muda watoto watakula ahadi. Hati za kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, naye hupiga muhuri kila kielelezo. Usitie sahihi nyumbani ukampelekea, atakurudisha. Nyaraka huingizwa kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama; mimi nilifanyiwa saiba, nikakaa karibu na kijana aliyekuwa akichapa, maana jina la mtoto likikosewa herufi moja halilingani tena na cheti cha kuzaliwa. Asiye na uwezo wa ada anaweza kuomba asamehewe. Anayetaka msaada wa wakili bila malipo, FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi Mombasa.

Taarifa ya M-Pesa ilinisaidia kuliko maneno yote. Huombwa kwa *334# na huja kwa barua pepe. Ya miezi 12 ilionyesha alituma mara nne tu. Lakini karatasi iliyochapwa kutoka kwenye simu au kompyuta, iwe taarifa hiyo au mazungumzo ya WhatsApp, huhitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alichapa, kwa kifaa gani, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Ni ukurasa mmoja. Usipokuwepo, upande wa pili unaweza kupinga kielelezo chako bora.

Kosa langu kubwa lilikuwa wito. Nilimpa mpwa wangu aupeleke kazini kwa baba watoto, akaupeleka kweli, tena mkononi. Siku ya kutajwa kesi karani akaniuliza, "Bi, hati ya kiapo ya kufikisha wito iko wapi?" Sikuwa nayo. Kesi ikasogezwa wiki tatu. Wito hupelekwa na mtu mwenye leseni ya kazi hiyo, kisha yeye huapa kwa maandishi alimpata wapi, saa ngapi, na alimtambuaje. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu pia wito kupelekwa kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu kwenye namba anayoitumia mtu, na hapo nako kiapo kiko pale pale. (Baba akiwa Ulaya, na Malindi wako wa namna hiyo si haba, unaomba kwanza idhini ya mahakama kumfikishia wito nje ya nchi. Hiyo inataka wakili.)

Alipofika alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba mshahara ni 15,000. Niliomba mahakama imwamuru alete karatasi za mshahara za miezi 3, na ubishi ukaisha zilipoletwa. La pili lilikuwa kweli: masika hoteli hupunguza watu, na kuanzia Aprili hadi Juni huwa nyumbani bila malipo. Hapa nashauri mtu asishupae. Amri ya kiasi kimoja kwa mwaka mzima, kwa mtu wa hoteli au mvuvi, itavunjika kila masika na utarudi kortini kila masika. Tulikubaliana viwango viwili. Shilingi 8,000 kwa miezi 9 na 5,000 kwa Aprili, Mei na Juni, kabla ya tarehe 5, kwa M-Pesa, kwa namba yangu na si kwa mama yake. Vifaa vya shule na chakula cha mchana analipa mwenyewe moja kwa moja, na watoto wanaandikwa kama wategemezi wake kwenye SHA, bima ya afya ya serikali. Shule kwa mwezi ni 2,700, kwa hivyo miezi ya kazi jumla yake ni 10,700. Imepungua 500 kwa kiasi nilichoomba, na nilikubali. Makubaliano yakasomwa mbele ya hakimu, yakawa amri. Bila hatua hiyo ni karatasi tu.

Malezi hayakuwa na mvutano. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani hii, mama ana haki ya hadhana, yaani kukaa na mtoto na kumlea, mpaka mtoto afike umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, kisha mtoto huchaguzwa. Mahakama ya watoto haifungwi na umri huo. Kipimo chake ni maslahi ya mtoto, na inaweza kumtuma afisa wa watoto akaangalie nyumba zote mbili aandike ripoti. Baba huwachukua Jumamosi moja baada ya nyingine, na nusu ya likizo. Mwezi asiotuma pesa bado anawachukua. Shangazi zangu hawanielewi hapa. Lakini kuwaona watoto na kuwalisha ni amri mbili mbalimbali, na ukimzuilia mtu watoto kwa sababu ya pesa, wewe ndiye utakayeitwa kujieleza.

Mwezi wa saba hakutuma, wala wa nane. Nilimwandikia ujumbe mmoja wenye tarehe na kiasi, bila matusi, kwa sababu ulikuwa uende kwa hakimu. Halafu nikaomba mahakama imwite aeleze kwa nini asiadhibiwe. Hapo kuna njia mbili: kifungo cha madeni, au amri ya kukata mshahara kwa mwajiri. Nilitaka ya pili. Aliyefungwa halipwi mshahara, na akitoka deni liko pale pale. Ombi la kukata mshahara linahitaji jina kamili la mwajiri na namba ya mfanyakazi, na vyote viko kwenye zile karatasi za mshahara tulizoletewa mwanzoni. Alilipa 16,000 kabla ya siku ya kusikizwa, nikaacha ombi likiwa wazi badala ya kuliondoa.

Daftari la sasa lina safu tano: mwezi, kiasi cha amri, kilicholetwa, namba ya muamala wa M-Pesa, bakaa. Mkubwa akiingia Gredi ya 7 hesabu ya shule itabadilika, na amri ya matunzo inaweza kuombewa marekebisho hali zikibadilika, kwa upande wowote. Risiti za hilo nimeshaanza kuziweka kwenye bahasha ya pili.